Nani Atakaa Karibu na Madame

Ujumbe wa kifo cha Madame Veneranda ulinikuta sokoni Kadutu nikichagua maharage. Simu ililia ndani ya mkoba, nikaitoa kwa vidole vyenye vumbi, nikasoma katika kundi letu la wanafunzi wake wa zamani kwamba Madame ametuacha asubuhi hiyo hospitalini. Mwingine angepiga ishara ya msalaba. Mimi, kabla hata machozi hayajapata njia, nilitazama kwanza jina la aliyeandika. Alikuwa Nabintu. Yeye anakaa Idjwi, huko kisiwani, maji yote yale katikati yetu. Mimi nakaa hapa hapa Bukavu, mwendo wa teksi moja tu kutoka kitanda alichofia mwalimu wetu. Na bado yeye ndiye aliyejua kwanza. Nililia baadaye, nililia mpaka mama muuza maharage akanipisha kwenye kigoda chake. Lakini sitaki kumdanganya mtu tangu ukurasa wa kwanza: nilianza na wivu, machozi yakafuata.

Wanasema wivu ni ugonjwa wa ujana, kwamba unapona wenyewe kama chunusi. Wangu haukupona. Nimekuwa katibu katika ofisi za chuo kikuu mpaka nikastaafu, nina wajukuu, naimba kwenye kwaya ya akina mama, nimeshasahau matusi makubwa niliyotukanwa na watu wakubwa. Lakini mtu akilitaja jina la Nabintu mbele yangu, hata leo, nasikia kitu kinanibana chini ya mbavu, nami natabasamu na kusema, ah, Nabintu, huyo dada yangu. Yote yalitokea katika mwaka mmoja wa shule, mwaka wa mwisho wa sekondari, nchi ikiwa bado inaitwa Zaire na sisi wasichana wa lise, ndivyo tunavyoiita sekondari kwetu, tukivaa sketi za bluu zilizopigwa pasi ya makaa. Nitausimulia jinsi ulivyokuwa. Atakayetaka kunicheka na anicheke.

Tulikuwa sehemu ya ualimu, na somo la jinsi ya kufundisha lilikuwa mikononi mwa Madame Veneranda. Alikuwa mwanamke mfupi, mjane, mwenye kitenge kisicho na kunyanzi hata siku ya mvua, na chaki zake alizifunga ndani ya leso safi kana kwamba ni mayai. Kila mmoja wetu alipaswa kufundisha somo halisi katika shule ya msingi iliyokuwa jirani na lise, mbele ya watoto halisi wenye kamasi na maswali, huku sisi wengine tumejipanga ukutani na Madame amekaa nyuma kabisa kwenye dawati dogo la mtoto, magoti yakimgusa kidevu. Watoto wakishatoka, ndipo inakuja ile tuliyoiita kritike. Kila msichana anasema alichokiona, kizuri na kibaya, wewe uliyefundisha umesimama ubaoni bila ruhusa ya kujitetea, na Madame anasema wa mwisho. Nimewaona wasichana wenye roho ngumu wakilia katika kritike. Madame hakuwa mtu wa kusema vizuri sana, hongera. Somo likimpendeza, alifunga tu kifuniko cha kalamu yake katikati ya somo na kuacha kuandika. Tulikuwa tunafundisha jicho moja kwa watoto, jicho moja kwenye ile kalamu.

Halafu kulikuwa na neno lake lingine, ambalo tulilitamani kuliko kalamu. Akimwona msichana ana kitu ndani yake, alimwambia mlangoni, polepole, asisikie mwingine: utapita nyumbani. Maana yake ni kwamba Jumamosi baada ya saa sita unakwenda kwake, unakaa kwenye meza yake ya kulia chakula, na mnaandaa somo pamoja. Mwaka ule mimi ndiye niliyeambiwa kwanza. Mvua za kwanza za mwaka wa shule zilikuwa bado zinaanza. Nilirudi nyumbani siku hiyo nikipanda ngazi za udongo za mtaa wetu bila kuhema, na sikumweleza mtu, kwa sababu nilitaka nibaki nayo peke yangu kwanza.

Naikumbuka nyumba ile kuliko nyumba yoyote niliyowahi kulala. Ilikuwa upande wa Muhumba, pale ambapo barabara inashuka kuelekea ziwani, na sebule yake ilikuwa na viti vilivyovikwa vitambaa alivyofuma mwenyewe kwa uzi mweupe, kabati la vioo lenye vikombe ambavyo sikuwahi kuona mtu akivinywea, na dirisha ambalo ziwa lilijaa ndani yake lote. Mezani palikuwa na plastiki yenye picha za malimau. Tulianza na kazi, kisha saa ya chakula Madame aliyasukuma madaftari pembeni, binti yake Aline akaleta beseni la maji ya kunawa, tukala. Aline alikuwa mtoto wake wa pekee na alikuwa darasani pamoja nasi, msichana mtulivu, wa katikati katika kila kitu, ambaye katika kritike hakuwahi kumuumiza mtu. Tulikula bugali ya muhogo, lengalenga na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, waliokaangwa mpaka wakawa wanalia mdomoni. Madame alinipakulia kwa mkono wake. Alichagua wale wa chini ya sufuria, waliokauka zaidi, akaniwekea.

“Kula, Zawadi,” aliniambia. “Vile uko mwembamba hivi, batoto ba darasa ya kwanza batakuogopa namna gani? Batazani ni mwenzabo.”

“Minakula, Madame.”

“Unakula kama ndege. Aline, ongezea mwenzako.”

Aline akaniongezea. Sikumwangalia usoni, nilikuwa naangalia mkono wa Madame uliobaki juu ya egemeo la kiti changu. Nikajiambia kwamba mimi ndiye mwalimu atakayekuja baada yake. Sikuwa na ndoto nyingine mwaka ule. Wenzangu walitaka wachumba, walitaka viatu vya Kinshasa, walitaka kwenda Ulaya. Mimi nilitaka siku moja nikae nyuma ya darasa, kwenye dawati dogo, magoti kidevuni, na watu waseme: unamwona huyu, huyu ni Veneranda mtupu.

Nabintu aliingia katika nyumba ile baada ya Noeli. Alikuwa ametoka Idjwi kuja kusoma mjini, akapangishiwa kwa jamaa fulani, jamaa hao wakahamia Goma na kumwacha na sanduku lake barabarani. Madame akamchukua. Mimi sikuambiwa. Nilifika Jumamosi kama kawaida, nikabisha, na mlango ukafunguliwa na Nabintu, mrefu, anacheka, ana mwiko mkononi, na miguuni amevaa kandambili za Madame. Zile za kijani, zenye ua la plastiki hapo juu. Nilizijua vizuri, maana nilikuwa nimezitazama kila Jumamosi pale mlangoni zikimsubiri mwenyewe. Mpaka leo sikumbuki tulisoma nini siku ile. Nakumbuka kandambili zikipita kutoka jikoni kuja sebuleni, kutoka sebuleni kwenda jikoni, na miguu ya Nabintu mikubwa ikitokeza visigino nyuma.

Laiti angekuwa msichana mbaya. Ningepumzika. Lakini Nabintu alikuwa na roho nyeupe, jambo ambalo sijamsamehe. Mama yake alimtumia mananasi kwa boti, na yeye hakula hata moja bila kutugawia; aliyakata pale pale barazani, maji ya nanasi yakimtiririka mpaka kwenye viwiko, akanichagulia kipande cha katikati. Kifaransa chake kilikuwa na kisiwa ndani yake, alivuta maneno kama mtu anayevuta wavu, darasa zima likicheka, na yeye akicheka nalo. Watoto wa shule ya msingi walimfuata mpaka getini. Alilala kitanda kimoja na Aline katika kile chumba kidogo cha nyuma, kwa kuwa hapakuwa na kitanda kingine, na asubuhi walikuja shuleni watatu, Madame katikati, Nabintu amembebea mkoba. Mkoba ule niliutaka. Nilikuwa nachelewa makusudi kwenye kona ya barabara ili nionekane nimekutana nao kwa bahati, nipate kuupokea, na kila mara Nabintu alisema, hapana, uko mwembamba, utavunjika.

Jumamosi moja nilifika mapema nikawakuta Nabintu na Aline wameenda kuchota maji. Madame alikuwa jikoni na rafiki yake Maman Georgette, aliyetufundisha Kifaransa. Nilikaa barazani kungoja, kwa adabu, kwa sababu sauti zilikuwa za watu wazima wanaozungumza na mtu hakatizi mazungumzo ya watu wazima. Dirisha la jikoni lilikuwa wazi juu ya kichwa changu. Nilisikia visu vikikata majani ya sombe, nikasikia jina la Nabintu.

“Ule mutoto ya Idjwi,” Madame alisema, “siku moja atanipita. Nakuambia, Georgette. Hafundishi na kichwa, anafundisha na mwili muzima. Batoto banamuona na banasikia tayari.”

“Ni kweli, minamuona. Na ule mwengine, Zawadi? Ule anakuyaka kila samedi?”

Kisu cha Madame kiliendelea kukata.

“Nipatiye ile chumvi,” alisema. “Hapana, ile ya kopo.”

Basi. Wakaanza kuzungumzia bei ya mafuta ya mawese. Huenda hakusikia swali. Huenda lilimpita tu, kama maswali mengi yanavyotupita tukiwa na sufuria motoni. Nimeyawaza haya yote tangu ujana wangu mpaka uzee wangu, nimeyapindua kila upande, na kila upande nakutana na chumvi. Nilipewa chakula siku ile nikasema tumbo linaniuma.

Baada ya hapo nilitaka kumwonyesha. Somo langu kubwa, lile la kuhesabiwa kwa ajili ya diploma, lilikuwa juu ya ndege wa nyumbani, na kanuni ya Madame ilikuwa kwamba kifaa cha somo hakionyeshwi mpaka dakika yake ifike. Watoto wakikiona mapema, umewauzia siri yako bure. Nikaazima jogoo kwa jirani, jogoo mwekundu mwenye mkia wa kijenerali, nikamfunga miguu na kumweka chini ya meza ya mwalimu ndani ya kikapu, nikakifunika kwa kitenge. Sikuwa nimefikiria kwamba jogoo akiwekwa gizani halafu upepo ukapeperusha kitenge, kwake kumekucha. Nilikuwa nauliza watoto swali la utangulizi, nani anatuamsha asubuhi, natarajia waseme saa, waseme mama, niwaongoze polepole, na jogoo akajibu mwenyewe. Akawika kwa nguvu zake zote. Darasa lililipuka. Watoto walipanda juu ya madawati, jogoo akajinasua kikapuni, akapita kwa miguu yake iliyofungwa akiruka ruka mbele ya wenzangu wote ukutani. Nabintu alikuwa amejishika tumbo. Madame hakucheka, aliandika.

Katika kritike, alinishikilia pale ubaoni mpaka kengele ya mchana ikapita. Alianzia sauti yangu, akaja kwenye mgongo wangu ambao niliwapa watoto nikiandika, akaja kwenye maswali yangu ambayo alisema yana majibu ndani ya mfuko, mtoto hana cha kutafuta. Akamalizia: “Zawadi, jogoo wako amefundisha vizuri. Wewe, bado.” Wasichana walicheka mpaka machozi, na neno hilo lilinifuata mitaani, hadi leo kuna mwanamke mzima hapa mjini, mke wa mchungaji, ambaye akiniona ananiwikia.

Somo la Nabintu lilikuwa wiki iliyofuata, juu ya ziwa. Aliingia na beseni la maji na jiwe. Aliliweka beseni sakafuni, akawaita watoto wakae kwa mduara, akaweka jiwe katikati ya maji na kusema, hapa ndipo nyumbani kwetu. Halafu akawaambia wapulize. Watoto walipuliza, mawimbi yakapanda juu ya jiwe, na mtoto mmoja akauliza kwa woga wa kweli, Madame, na watu wa hapo watafanya nini? Nabintu hakujibu. Aliwageukia wote, akasubiri, na watoto wakaanza kupangana wenyewe, wengine wajenge juu, wengine watengeneze mitumbwi. Nilitazama nyuma ya darasa. Kalamu ilikuwa imefungwa muda mrefu. Madame alikuwa ameegemeza kidevu kwenye mikono yake miwili, na usoni alikuwa na kitu ambacho sikuwahi kukiona akiniangalia mimi. Katika kritike wote walisifu. Zamu yangu ilipofika nilisema kwamba maji yamemwagika sakafuni na kwamba tarehe ubaoni haikupigiwa mstari. Wenzangu waliguna. Madame alisema: “Zawadi anasema kweli. Tarehe inapigiwa mstari.” Alisema kwa upole, na upole wake uliniuma kuliko jogoo.

Tulishinda mtihani wa serikali sote, mimi, Nabintu na hata Aline wa katikati. Madame alimwombea Nabintu nafasi ya kufundisha, na mimi pia alitaka kuniombea. Alituma niitwe, akanikalisha mbele ya yale malimau, akaniambia kuna darasa la pili linahitaji mwalimu huko Mudaka. Nikamwambia asante, Madame, nimepata kazi ya kupiga chapa ofisini. Haikuwa kweli bado, nikaitafuta baadaye ili iwe kweli. Kama si wa kwanza kwake, sikutaka kuwa wa pili katika kazi ile, nikisikia kila mwaka habari za Nabintu na darasa lake, Nabintu na shule yake, Nabintu mkuu wa shule. Sijasimama mbele ya watoto tena tangu siku ya jogoo. Nilikwenda kumsalimia Madame kwenye sikukuu, na alipostaafu nilikwenda mara nyingi zaidi, na kila mara, kabla ya kukaa, nilizungusha macho sebuleni nione kama kuna nanasi.

Basi mnaelewa nilivyoenda matangani. Nilikwenda mapema kesho yake. Vijana wa parokia walikuwa bado wanafunga turubai uani, viti vya plastiki vimerundikwa ukutani. Ndani, sebule ilikuwa imetolewa viti vyote na kutandikwa mikeka na magodoro, kama inavyofanyika kwetu, wanawake wa karibu wakae chini kuzunguka mahali litakapowekwa jeneza, na walio mbali wakae nje. Nilivua viatu nikakaa upande wa kichwa. Nilikuwa nimelipanga hilo toka sokoni. Wanawake waliingia, wengi wao wanafunzi wake wa miaka mbalimbali, kila mmoja akilia kwa jina lake, Madame uliyenifundisha, Madame uliyenilisha, Madame mama yangu, na kila mmoja akabana nafasi. Mimi sikusogea.

Nabintu alitoka kwenye boti moja kwa moja, na unyevu wa ziwa bado kwenye kitenge. Amekuwa mnene, amekuwa mzuri wa kizee. Aliingia akipiga yowe refu la kwao ambalo lilinyamazisha chumba, akapita katikati ya miguu ya watu, akakaa kati yangu na ukuta, mahali ambapo hapakuwa na mahali. Bega lake likawa mbele ya langu.

“Sogea kidogo, Zawadi,” aliniambia kwa sikio.

“Nisogee wapi? Nilikuya hapa asubui.”

“Na miye nilikuwa naishi mu hii nyumba.”

“Miezi kidogo.”

“Ni kuishi tu.”

Tulizozana hivyo, wanawake wenye mvi, midomo imefungwa nusu, machozi yanatoka kweli na viwiko vinasukumana kweli. Jeneza lilipoletwa kutoka hospitalini na kifuniko kikafunguliwa, tuliinama kumtazama. Alikuwa mdogo sana. Akina mama wa parokia wakauliza ni kitenge gani cha kumfunika, maana kabatini walikuta vingi. Nikasema cha kijani, alichovaa siku ya diploma zetu. Nabintu akasema hapana, cha ndege weupe, Madame mwenyewe alimwambia kwamba ndicho cha safari. Nikasema hakuwahi kuniambia hivyo. Nabintu akasema, kwa nini angekuambia weye. Mwingine wa darasa la miaka ya nyuma akadakia na kitenge chake, na mwingine na chake, mpaka mama mmoja wa kwaya akainua mkono na kuuliza: “Na binti yake anasema nini? Aline eko wapi?”

Tukatazamana. Hakuwa kwenye mikeka. Alikuwa amesimama mlangoni, ameshika viatu vyake mkononi, amerudi na jeneza kutoka hospitalini alikomuuguza mama yake usiku na mchana, na alikuwa amesimama hapo muda wote kwa sababu ndani hapakuwa na pa kuweka mguu. Hakuolewa, alibaki na mama yake katika nyumba ile. Kila sikukuu alinifungulia mlango na nikamuuliza kama Madame yupo.

“Minaomba mutoke,” alisema. Hakupaza sauti. “Bote. Ba-dada zangu, minaomba.”

Mama wa kwaya akaanza kumtuliza, Aline akatikisa kichwa.

“Hapana, Maman, niache niseme. Zawadi, ulikuwaka unakuya kila samedi. Nabintu, weye ulikuwa hapa kila siku. Na mwaka ule alinikatazaka nisimuite maman mbele ya wanafunzi, ili musifikiri ananipendelea. Sasa wanafunzi mulikuwa mu nyumba kila saa. Nikamuita Madame. Kisha muliondoka, bengine bakakuya, kila mwaka bengine, na mudomo yangu ikazoea. Ata juzi ku hospitali nilimuita Madame, muuguzi akaniuliza kama ni mwalimu yangu.” Akavuta pumzi. “Munalilia maman yangu na miye niko naangalia. Kikwembe nitachagua miye. Mutoke, minataka kubaki naye.”

Tulinyanyuka mmoja mmoja, tukishika magoti, tukitafuta viatu vyetu, na mimi nilikuwa wa mwisho kwa kuwa nilikuwa mbali na mlango kuliko wote. Nilipopita karibu na Aline nilitaka kumshika, akasogea kando kunipisha. Mlango ulifungwa nyuma yetu. Mimi na Nabintu tukapewa viti vya plastiki chini ya turubai, katikati ya majirani na watu waliokuja kwa heshima tu, karibu na dirisha.

“Nililala naye kitanda moja,” Nabintu alisema. “Kila siku. Sikuona.”

Ndani, Aline alikuwa ameanza kulia. Kwanza kimya, kisha neno moja, maman, kwa sauti ya mtu anayejaribu kiatu kipya kama kinamtosha. Akanyamaza. Akalisema tena. Halafu likafunguka, maman, maman, maman yangu, bila kupumzika, na uani wote watu wakainamisha vichwa. Nabintu alikuwa analia na kichwa chake kimelala begani mwangu, na nilimwacha, sikuwa na ugomvi naye tena. Maisha yangu yote sikuwahi kumwonea wivu Aline hata siku moja. Nilikaa pale kwenye kiti cha wageni nikimsikiliza, na wivu ukanijaa mpaka kooni, mkali kuliko ule wa miaka yote, kwa kuwa safari hii ulikuwa umempata mtu anayestahili.